Tusome Nini, Tutazame Nini, Tucheze Nini Likizo Hii?



Wasomaji wetu watukufu, mama mmoja wa Kisauni ametuletea barua fupi yenye swali refu. Shule zimefungwa, asema, na ana watoto wanne nyumbani, mkubwa wa miaka 17 na mdogo wa minane. Tangu asubuhi hadi usiku kila mmoja amejikunyata pembeni pake na simu. Akiwanyang'anya, nyumba nzima hununa. Akiwaachia, hajui wanatazama nini. Atuuliza iwapo awaharamishie yote yapite, au kuna vilivyo vyema ambavyo aweza kuwapa.

Wako masheikh wenzetu ambao wangelijibu nusu ya kwanza ya swali na kuiacha ya pili. Sisi twaona uzito uko kwenye ya pili. Kuharamisha ni kazi ya dakika moja, na mtoto aliyekatazwa sinema zote hakai mikono mitupu; huitafuta iliyo mbaya zaidi na kuitazama peke yake, chini ya shuka. Hapa Nakuru tumeliona jambo hili kwa macho yetu. Mwaka huu kijana mmoja wa kidato cha tatu, mtoto wa nyumba ya sala, alicheza kamari kwa karo ya muhula mzima katika ule mchezo wa simu wa kindege kinachopaa. Karo iliisha kwa siku mbili. Babake hakuwahi kuingiza televisheni nyumbani kwa kuchelea ufisadi. Ufisadi haukupitia mlangoni, ulipitia mfukoni, na ndani ya nyumba hapakuwa na mtu wa kumuuliza yule kijana anachekea nini na mbona usiku halali.

Basi, mama yetu, tutakutajia tulivyovisoma, tulivyovitazama na tulivyovicheza nyumbani kwetu miezi hii, nasi tukavifurahia. Tunavichagua kwa mizani nyepesi. Kwanza kisiwe na haramu iliyo dhahiri. Pili, na hapa ndipo wazazi wengi hawafiki, kiwe kitu ambacho watu wa nyumba waweza kukitumia wakiwa wamekaa pamoja, kisha kikawaachia la kuzungumza. Nyinyi wa pwani mna baraza na upepo wa bahari. Usiku wa Nakuru ni wa baridi, hasa upepo wa Menengai unapoteremka, na baada ya Isha hakuna anayekaa nje. Tena stima ikikatika, jambo ambalo si geni huku, nyumba nzima hubaki na taa moja, na watu wote huifuata taa hiyo. Hapo ndipo tulipoanzia mtindo wa mmoja kusoma kwa sauti na wengine kusikiliza.

Kitabu kilichotukalisha kuliko vyote ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Mwandishi huyu ni mzaliwa wa Zanzibar aliyehamia Uingereza katika ujana wake, baada ya Mapinduzi, na mwaka 2021 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Riwaya yenyewe aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994 kwa jina la Paradise. Ida Hadjivayanis aliifasiri kwa Kiswahili, na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaichapisha mwaka 2022. Kwa hiyo hadithi ya watu wetu ilikaa ugenini miaka 28 kabla ya kurejea kwao. Ukiisoma hupati ladha ya tafsiri. Wahusika wake ni kama waliorudi kusema lugha waliyokuwa wakiisema tangu hapo.

Kisa ni cha mvulana aitwaye Yusuf, wa miaka 12, katika Tanganyika ya Mjerumani kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Babake ana hoteli ndogo katika mji uliojengewa reli, na biashara imemshinda. Mara kwa mara hupita kwao tajiri mmoja wa pwani, Ami Aziz, mwenye harufu nzuri na sarafu ya kumpa mtoto. Siku moja Yusuf aambiwa kwamba atasafiri na ami yake kwa gari la moshi. Afurahi, kama mtoto yeyote angalifurahi. Ni baada ya kufika pwani ndipo kijana mwenzake wa dukani, Khalil, amfahamishapo kwamba Aziz si ami yake hata kidogo, na kwamba yeye Yusuf amewekwa rehani kwa deni la babake.

Tuliposoma hapo, binti yetu mdogo aliuliza kama kweli baba aweza kumtoa mwanawe. Tulimjibu kwamba deni lina uwezo wa kumfikisha mtu asikotarajia, na kwamba baba yule hakuanza siku ile kumtoa mtoto. Alianza zamani, kidogo kidogo, kwa kukopa cha leo ili kulipa cha jana. Kaka zake walinyamaza. Walimjua yule kijana wa karo. Hatukuhitaji kutoa mawaidha mengine juu ya kamari usiku ule.

Msomaji aliyehifadhi Suratu Yusuf ataziona alama mapema: mvulana mzuri wa sura aliyetenganishwa na wazee wake, safari ya mbali, bibi wa nyumba anayemtamani, na nguo iliyochanwa kwa nyuma. Gurnah hakuificha njia aliyopitia. Lakini Yusuf wake si Nabii, hashukiwi na wahyi wa kumfunulia la kufanya, na bustani nzuri ya yule tajiri, ambayo ndiyo iliyokipa kitabu jina, ina wafungwa ndani yake. Mwisho wake hatuutaji. Nyumbani kwetu uliwagawa watu makundi mawili, na mpaka leo hawajapatana kama Yusuf alikimbilia uhuru au alikimbia kutoka utumwa mmoja kuingia mwingine. Tahadhari ni moja: katika safari ya kwenda bara wapagazi wana ndimi chafu, na kuna mambo ya kikubwa hapa na pale. Hiyo ndiyo faida ya kusoma kwa sauti. Msomaji akiona pa kuruka, huruka, na mtoto hajui kwamba kuna kilichorukwa.

Kitabu cha pili ni kikongwe, na huenda kimo katika sanduku la bibi yako. Ni Uwongozi cha Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui. Sheikh huyu alizaliwa Mombasa mwaka 1891, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, akafariki mwaka 1947. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi aliyoiita Sahifa, kisha mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah. Makala za Sahifa ndizo zilizokusanywa kuwa kitabu hiki. Ni fupi mno. Moja haimalizi kikombe cha chai. Anakemea israfu, anakemea kuiga Wazungu katika yasiyo na faida na kuwaacha katika yenye faida, anahimiza elimu ya wavulana na wasichana. Mahali pengine ukali wake ni wa zama zake, na hatudhani kila neno lake juu ya mavazi ya miaka ile lafaa kubebwa zima zima hadi leo. Lakini jaribuni jambo hili: msomeeni kijana makala moja bila kumwambia ni ya mwaka gani, kisha mumuulize anadhani iliandikwa lini. Wetu alisema mwaka jana. Kuna chapa ya mwaka 2017 iliyotolewa na Brill, kazi ya Kai Kresse na Hassan Mwakimako, yenye tafsiri ya Kiingereza kwa ajili ya watoto wetu waliosomea shule za Kizungu. Ila bei yake ni bei ya maktaba, si ya mwalimu wa madrasa.

Tuje kwenye sinema. Tunajua kwamba baadhi yenu mtaikunja karatasi hapa. Subirini kidogo.

Filamu tuliyoitazama mara mbili ni fupi, ya dakika 22, nayo yaitwa Watu Wote. Ilitoka mwaka 2017. Aliyeiongoza ni Mjerumani, Katja Benrath, ikiwa kazi ya kumalizia masomo yake huko Hamburg, na mwaka 2018 iliteuliwa kuwania Tuzo ya Oscar ya filamu fupi. Waigizaji wake ni watu wa huku kwetu, wanaozungumza Kiswahili na Kisomali, na tukio lake ni la kweli. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa na wanamgambo wa al-Shabaab. Abiria waliamriwa wajitenge, Waislamu huku na wasio Waislamu kule. Hapakuwa na abiria asiyejua maana yake, kwani Novemba 2014 basi jingine la Mandera lilisimamishwa vivyo hivyo na watu 28 wakauawa. Safari hii abiria Waislamu walikataa kujitenga. Akina mama waliwavika wenzao Wakristo hijabu. Waliambiwa wapishe, wakasema wauawe wote au waachwe wote. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa waliokataa, alipigwa risasi, akafariki hospitalini mwezi wa Januari 2016, Allah amrehemu na amkubalie.

Filamu yenyewe yamfuata mwanamke Mkristo, Jua, ambaye aliwahi kupoteza mumewe na mtoto wake mikononi mwa magaidi, na ambaye apanda basi lile akiwa na chuki isiyojificha kwa kila aliyejifunga kilemba au kujitanda mtandio. Tumesikia Waislamu wakilalamika kwamba chuki yake yaumiza kuitazama. Yaumiza, na sisi twaona ndipo filamu ilipopatia. Wema aliotendewa hakuustahili kwa ukarimu wake mwenyewe. Hakuwa ametabasamu na mtu. Walimkinga vivyo hivyo alivyo.

Sisi tunaoishi Bonde la Ufa tuna sababu yetu ya kuitazama. Swali la nani apite huku na nani apite kule halikuulizwa huku na magaidi wa kutoka mbali. Mwezi wa Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, liliulizwa na raia, penye vizuizi vya barabara kuu, vitambulisho vikisomwa ili jina liseme kabila. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulijaa mahema ya waliofukuzwa makwao, kutoka Molo, kutoka Eldoret, kutoka kila upande. Watoto wetu hawakuwa wamezaliwa, au walikuwa mgongoni, na sisi wazazi tumezoea kulipita jambo hilo kimya kimya, kana kwamba likitajwa litarudi.

Filamu ilipokwisha, mama watoto alisimulia, kwa mara ya kwanza mbele yao, jinsi majirani zetu wawili, mama na binti yake, walivyolala kwetu siku tatu mwezi ule. Alisema waliondoka alfajiri ya siku ya nne wakiwa wamevaa mabuibui yake, akawafuata kwa macho mpaka wakapanda gari la askari. Mabuibui yale, alisema, hakuyadai na hayakurudi. Kijana wetu, ambaye ameanza kusoma fikihi na sasa kila jambo kwake ni mas-ala, akauliza kama si uongo kumvisha asiye Mwislamu vazi la Mwislamu ili watu wadhani ndiye. Tukamkumbusha kwamba kuhifadhi uhai ni katika makusudio makubwa ya sharia, na kwamba wanazuoni wamemruhusu mtu hata kusema uongo wa wazi ili kumficha aliyedhulumiwa na anayemwinda. Mazungumzo yakaenda hadi saa tano usiku. Filamu ilichukua dakika 22. Kuna milio ya risasi na damu, kwa hiyo yule wako wa miaka minane mlaze kwanza.

Ya pili ni Subira, ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Ravneet Sippy Chadha, na ndiyo iliyopelekwa na Kenya kuiwakilisha nchi katika mashindano ya Oscar. Ni ya msichana wa Lamu anayetamani kuogelea baharini, na jamaa zake wanaona haimpasi msichana. Ataolewa Nairobi, na bahari itabaki nyuma. Binti zetu waliipenda. Sisi tuna neno nayo. Mtazamaji asiyetujua aweza kutoka akidhani kwamba dini ndiyo iliyomzuia msichana yule kuogelea, ilhali ni ada za watu. Yapo maneno mashuhuri yanayonasibishwa na Sayyidna Umar ya kuhimiza watoto wafundishwe kuogelea, na hatujaona mwanachuoni aliyesema kwamba msichana akitafutiwa pahala pa sitara na mwalimu mwanamke atakuwa amekosea. Pia si anasa. Maziwa ya huku kwetu, Nakuru, Naivasha na Baringo, yamepanda tangu takriban mwaka 2010 na kumeza mashamba na nyumba za watu, na binti anayeishi kando ya maji asiyejua kuogelea yuko hatarini kila siku. Tazameni filamu hii na akina bibi. Wao ndio watakaowaeleza wajukuu ni nani aliyekuwa akiogelea usiku, wapi, na nani alikuwa mlinzi.

Sasa jambo la kusikiliza. Vijana huziita podikasti. Ni kama vipindi vya redio ambavyo humsubiri msikilizaji badala ya msikilizaji kuvisubiri. Mama anayekanda unga au kukunja nguo hawezi kushika kitabu, lakini masikio yake yako wazi, na kwa hilo twaona neema kubwa. Darsa za dini mnazo tele na hamhitaji sisi tuwaonyeshe. Tutataja kimoja cha historia, Until Everyone Is Free, kinachosimuliwa na Stoneface Bombaa na April Zhu kwa lugha ya Sheng. Ndiyo, Sheng. Tulihitaji mkalimani, na mkalimani alikuwa kijana wetu wa miaka 16 ambaye hatujawahi kumwona akifurahia kutufundisha kitu namna ile. Hatuipendi Sheng kuwa lugha ya mtihani wala ya mimbari. Lakini tulipomsikia kijana akisikiliza historia ya nchi yake saa nzima bila kushurutishwa, tulinyamaza.

Kipindi chamsimulia Pio Gama Pinto, Mkenya wa asili ya Goa aliyezaliwa Nairobi mwaka 1927 na kuutumikia uhuru wa nchi hii kwa kalamu yake na kwa siri. Mwaka 1954, miezi mitano tu baada ya kumwoa Emma, Waingereza walimkamata. Na hapa nyinyi wa Lamu tegeni sikio: walimzuilia Takwa, katika kisiwa cha Manda, mpaka mwaka 1958. Takwa hiyo hiyo ya magofu, msikiti wa kale na kaburi la mnara. Wangapi katika watoto wetu wanaopelekwa matembezi Takwa wameambiwa kwamba kulikuwa na kambi ya wafungwa wa siasa? Kutoka huko walimleta huku kwetu, Kabarnet katika Baringo, akakaa chini ya amri ya kutotoka hadi mwaka 1959. Alipigwa risasi langoni kwake Westlands, Nairobi, tarehe 24 Februari 1965, mtoto wake akiwa ndani ya gari. Alikuwa na miaka 37. Nchi haikuwa imetimiza miaka miwili ya uhuru. Dada zetu, sikilizeni hasa habari za Emma, aliyeolewa, akaachwa peke yake kwa miaka, kisha akawa mjane na watoto wadogo. Majina ya wake wengi wa mashujaa hayaandikwi kwenye barabara.

Limebaki la michezo, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndipo fitina ya simu ilipo.

Kamari haina mjadala; aya ya 90 ya Suratul Maida yatosha, na kindege kikipaa au farasi akikimbia hukumu ni moja. Wazazi wengi, hata hivyo, hawajui kwamba hata ludo, ambayo akina dada huicheza kwenye simu huku wakisubiri chungu kichemke, huendeshwa na dado. Madhehebu yetu ya Shafi yana msimamo mkali juu ya dado kwa mujibu wa Hadithi ya nard iliyo katika Sahihi Muslim. Wapo watakaotuambia kwamba ludo ni ya watoto na haina pesa. Hatugombani nao barazani. Twasema tu kwamba kuna mchezo ulio bora kuliko huo, uliokuwa wetu kabla ya simu, na ambao wanazuoni wameutazama kwa jicho jema.

Mchezo huo ni bao. Sheikh Ibn Hajar al-Haytami, aliyeishi Makka katika karne ya 16, ameigusia michezo ya jamii hii katika Tuhfatul Muhtaj. Autaja mchezo wa manqala, wa vishimo ambavyo vijiwe hutolewa humu na kutiwa mle kwa hesabu, na kuuweka upande wa michezo isiyoharamishwa, kwa kuwa tegemeo lake ni hesabu na fikra. Kinachouharibu ni hesabu hiyo kufuata kinachotupwa kwa bahati. Basi bao halina dado wala karata ya kufichwa. Kila kete iko mbele ya macho ya wote wawili, na aliyefungwa hana wa kumlaumu. Masharti ni yale yale: pasiwe na pesa, pasipitwe na sala, pasiwe na matusi. Hili la tatu ndilo gumu kwa wachezaji wa bao tunaowajua.

Twapenda kuwaambia wasomaji wa pwani, ambao hudhani bao lilizaliwa chini ya mwembe wa Mji wa Kale, kwamba hapa Nakuru bao limechongwa kwenye mwamba. Yapata kilomita nne kutoka mjini, kando ya barabara ya Nairobi, kuna kilima kiitwacho Hyrax Hill, yaani kilima cha pimbi. Mary Leakey alikichimba mwaka 1937 na kukuta mabaki ya makazi na makaburi ya watu wa kale, na tangu mwaka 1965 pana jumba dogo la makumbusho. Ukipanda mwambani utaviona vishimo vya bao, safu kwa safu, vilivyolainishwa na vidole vya watu ambao hawakuacha hata jina. Ziwa huonekana kutoka hapo. Tuliwapeleka wanafunzi wetu wa madrasa, wakaokota vijiwe, wakaanza kucheza papo hapo hadi mlinzi akaja kuona kuna nini. Msafiri yeyote apitaye Nakuru na watoto aweza kusimama hapo saa moja na kuendelea na safari yake.

Kwa wasiojua, bao letu lina safu nne za mashimo manane, na kete 64, kila mchezaji 32. Bao la Kiswahili lenyewe huanza na kete 22 zikiwa mkononi. Sita huwekwa kwenye nyumba na mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata. Wachezaji hunamua, yaani hutia kete moja moja, mpaka za mkononi ziishe, kisha mchezo huingia mtaji. Hilo lamtaka mtu mwenye subira. Watoto waanzeni na bao la kujifunza: kete mbili katika kila shimo, hakuna za mkononi, na mchezo huanzia kwenye mtaji moja kwa moja. Ubao si lazima. Mashimo yachimbeni uani, kama tulivyofanya sisi kabla fundi hajatuchongea. Yule wako wa miaka minane, mama yetu wa Kisauni, atalielewa kwa jioni mbili, na usishangae akimfunga yule wa 17 wiki ya pili. Kwetu imetokea, na aliyefungwa aliomba mchezo wa marudio kabla ya kuomba simu yake.

Shida yetu ya huku ni kete. Komwe hazioti katika baridi hii, nasi tumekuwa tukitumia maharagwe. Sasa mvua zimeanza, uani kuna unyevu, na wiki iliyopita tulikuta matatu katika nyumba ya mpinzani yamekwisha kutoa mizizi. Msomaji yeyote atakayepanda basi kutoka Mombasa, Malindi au Lamu kuja Nakuru kabla ya shule kufunguliwa, atufanyie hisani ya kutubebea komwe 64 katika mfuko. Akituletea na za akiba, tutamkaribisha chai ya maziwa ya Molo na mchezo mmoja baada ya Isha.